Nilikuwa msibani, nyumbani wakampima twiga wangu kwa kilo

Dada mshauri habari za kazi. Sijui nikuamkie au nisubiri kuamkiwa maana umri wako siujui, mimi nina miaka 62, nipo Morogoro, nimestaafu karakana ya reli nilikokuwa fundi wa kuchomelea. Barua yangu ni ndefu naomba univumilie, hii ishu inaninyima usingizi toka mwezi wa tatu.

Tatizo langu ni vyuma. Toka utoto tulikuwa tunatengeneza vigari vya waya, matairi tunakata kwenye kandambili, wenzangu walivyokua wakaacha mimi sikuacha. Mwaka 1985 nikiwa kibarua nikaokota spana mbili zilizopasuka na sproketi ya baiskeli, mchana watu wameenda kula nikaziunga zikawa kunguru, kucha nikaweka misumari, mdomo ncha ya bisibisi. Msimamizi akanikuta, nikajua leo kazi sina. Akamshika akamgeuza geuza akasema huyu mbona kama anataka kuruka, akaondoka naye, mpaka leo sijui yule kunguru yuko wapi. Hapo ndo ugonjwa ulipoanza dada.

Sasa hivi uani kwangu zipo sanamu 43. Kuna mbuni wa minyororo ya pikipiki, kuna sato magamba yake yote ni washa za bolti (nilihesabu nikachoka nikaacha), kuna mzee anavuta kiko kichwa chake ni pistoni ya lori, kuna tembo mdogo masikio yake bamba za reli, zile nilipewa na bosi kwa mdomo zamani. Kuna twiga wa mita mbili na nusu shingo yake springi za gari. Ila kazi yangu bora kuliko zote ni punda. Tumbo la punda ni cherehani ya Singer ya mke wangu iliyokufa mwaka 2004, nimeiwekea miguu na masikio, na lile gurudumu ukilizungusha kichwa kinapanda kinashuka, yaani punda anaitikia kabisa kama anakubali unachosema. Mgeni akija naanza naye huyo. Hata mke wangu ambaye hizo nyingine anaziita mavyuma, punda huwa anamfuta vumbi.

Mwezi wa tatu nikaenda Kilosa kwenye msiba, nikakaa siku nne. Narudi nakuta guta nje ya geti, mizani imening'inizwa kwenye tawi la mwembe, twiga wangu kalazwa ubavu, kijana mmoja ana daftari anaandika. Twiga kilo 94. Kilo moja shilingi mia nane. Piga hesabu dada, ni elfu sabini na tano na mia mbili, kitu nilichokaa nacho miezi saba. Kijana wangu mkubwa akaniambia baba huyu anachukua zote kwa mkupuo na usafiri wake. Mke wangu alikuwa kakaa kibarazani anachambua mchele, hakunyanyuka.

Nilipiga kelele nisiseme uongo. Guta likaondoka tupu na hela ya usumbufu nikawalipa mimi. Kumbe mpango ulikuwepo siku nyingi, barabara yetu imewekwa lami mwaka jana, kijana anataka kubomoa ukuta wa mbele ajenge fremu nne za maduka, anasema kila moja haikosi elfu themanini kwa mwezi. Tukakaa kikao cha familia, mimi nikasema hiki kiwanja ni changu nilikinunua 1991 na mke wangu alitoa ya upatu kidogo tukamalizia, na sijafa bado. Mke wangu ndo akasema neno lililonimaliza. Akasema, "Mimi miaka 34 naanika nguo kwenye pembe za mavyuma yako, sijawahi kuomba kitu. Leo naomba uwanja." Akaingia ndani. Toka siku hiyo tunaongea mambo ya chumvi na LUKU ya umeme tu, na hiyo LUKU nayo anasema inaliwa na mashine yangu.

Sio kwamba hazina soko. Kijana mmoja wa boda anayependa kuja kuniangalia nikichomelea alinionyesha kwenye simu kazi za Mkenya anaitwa Kioko Mwitiki, tembo mzima wa vyuma chakavu, watu wanampa heshima yake. Na mimi mwaka juzi alikuja mwenye loji ya njia ya Mikumi akataka sita, bei haikuwa mbaya, ila akataka nizipake rangi ya dhahabu zote. Nikamfungulia geti akaenda zake.

Nisikufiche na afya imeanza kugoma. Nikichomelea mabomba siku nzima usiku napata homa na baridi nakunywa maziwa inapita, na jicho la kulia wamesema ni mtoto wa jicho, ila hilo ni dogo. Kubwa ni hili, niwakatalie nionekane baba mbaya anayependa chuma kuliko watu? Au niwaache wapime? Au nimrudie yule wa dhahabu?

Na swali la nyongeza, masika hii kutu imenizidi, nipake nini?

Mzee wa Vyuma, Morogoro

*

Kaka yangu shikamoo. Nimepiga hesabu nimekuta umenizidi kwa hiyo shikamoo ni yako. Pole na msiba, na pole ya pili kwa ajili ya twiga, na hiyo ya pili naitoa kwa dhati maana nimejaribu kujiweka getini pale, mtu unatoka kuzika, una vumbi la safari, unakuta kitu chako kimelazwa ubavu na mtu anasoma kilo kwa sauti. Kukasirika ulikuwa na haki. Wamekukosea kufanya wakati haupo na wao wanajua ndo maana walichagua zile siku nne.

Nikikuelewa vizuri, unaona mbele yako pana vitu viwili vinavyogombania uwanja mmoja, vyuma upande huu na fremu upande ule, na kwamba lazima mmoja wenu ashindwe. Mimi nimeisoma barua yako mara tatu, mara ya kwanza nikaona fremu, mara ya pili nikaona cherehani. Niruhusu nianzie hapo, halafu za fremu zitafuata.

Umesema cherehani ilikufa 2004. Halafu umesema gurudumu linazunguka na kichwa kinapanda kinashuka. Kaka, we ni fundi, mimi wala sio fundi ila mama yangu alikuwa na cherehani, na najua kile kinachopanda na kushuka ni ile nondo ya sindano. Kama inapanda na kushuka basi mashine ilikuwa imekwama ukaikwamua. Sasa najiuliza tu kwa sauti, ile cherehani ilikufa, au ilikosa fundi kwa kuwa fundi wa nyumbani alikuwa ameshaona punda ndani yake? Na ulimuuliza mwenyewe kabla hujaiwekea miguu? Huenda ulimuuliza akacheka akakubali, hapo nitakuwa nimekuonea na naomba radhi. Ila barua yako inataja kila sanamu imetokana na chuma gani, na hapo kwenye cherehani haisemi aliitumia kufanyia nini, alishonea nani, na baada ya 2004 alifanya kazi gani. Wewe unasoma kule kumfuta punda vumbi kama mapenzi kwa kazi yako. Inawezekana. Inawezekana pia anafuta cherehani yake. Mimi nipo mbali sijui, wa kujua yupo hapo ndani anaulizwa habari za LUKU tu.

Kuna neno jingine dogo. Umesema kiwanja ni changu, na sentensi hiyo hiyo ikasema mke wangu alitoa ya upatu tukamalizia. Hapo sihitaji kuongeza, ila ujue na sheria yetu ya ndoa ya mwaka 1971 nyumba ya wanandoa haiuzwi wala haiwekwi rehani na mmoja bila mwenzake kuridhia, na hilo linakulinda wewe pia, hakuna mtu ataamka siku moja akute pamebadilika jina. Wote wawili mna sauti. Yeye yake kaitumia mara moja kwa miaka 34, ndo maana imekuumiza hivyo.

La tatu ni jicho. Umelipitisha katikati ya homa na fremu ukasema hilo ni dogo. Nina wasiwasi ndo kubwa. Mtu anayeona vizuri akiambiwa uani pajengwe anaona hasara ya uani tu. Mtu ambaye jicho linafifia akiambiwa hivyo anaona anafungiwa mlango kabisa, kwamba hizi 43 ndo zote na hakuna ya 44. Kama ndo hofu yako sema hivyo, kwanza kwako mwenyewe. Mtoto wa jicho unatibiwa kwa upasuaji, hata hospitali ya CCBRT pale Dar wanafanya, na watu wengi wanarudi kuona. Nenda uulize na muulize daktari kabisa kuhusu kuchomelea, lini uruhusiwe kurudi na kioo gani, usijirudishe mwenyewe wiki ya pili kwa sababu mikono inawasha. Na hiyo homa ya usiku ukichomelea mabomba, kama ni yale mabomba meupe yenye zinki basi moshi wa zinki ndo unaoleta homa ya namna hiyo, unavuta mchana unatetemeka usiku. Maziwa hayaondoi kitu kaka, inapita kwa sababu hupita yenyewe. Ukikaa nayo muda mrefu kifua kinachoka. Safisha ile zinki kwa grinda sehemu ya kuungia huku umevaa barakoa ya maana sio kitambaa, kaa upepo ukupige mgongoni au ubavuni ubebe moshi usiupitishe usoni. Na daktari mwambie hayo pia.

Haya, sasa uwanja. Ukikataa kabisa unaweza, una nguvu hiyo. Ila fikiria kijana wako anakataliwa leo akiwa na mizani, siku ambayo haupo mizani itarudi na hapatakuwa na wa kupiga kelele. Sikutishi, unajua mwenyewe mambo yanavyoendaga. Na fremu kwake huenda sio dharau kwa kazi yako, ni mtu mzima aliyeona lami imefika mlangoni akapiga hesabu ya laki tatu na ishirini kila mwezi, tena sehemu yake ingelipia hilo jicho.

Ukiruhusu zote zipimwe, hapo nina hofu mbili. Ya kwanza unaijua. Ya pili ni yule tembo wa masikio ya bamba za reli. Ulipewa kwa mdomo na bosi, mimi nakuamini, ila mnunuzi wa chuma chakavu akikamatwa na chuma cha reli kwenye guta lake atasema kakitoa kwako, na kesi za kuhujumu miundombinu hazina utani. Huyo tembo asikanyage mizani ya mtu yeyote, na kama bosi yule bado yupo hai mtafute akuandikie hata mistari miwili.

Halafu kuna njia za katikati ambazo kwenye kikao nadhani hazikupata nafasi kwa sababu kila mtu alikuja na yake. Kwa nini fremu ziwe nne? Zingekuwa tatu, au mbili na ya pembeni ikawa yako, sanamu zikakaa mbele ya lami watu wanazoona badala ya uani ambako zinaonwa na nguo zilizoanikwa? Ina hatari zake, cheche za mashine yako na mpangaji anayeuza mitungi ya gesi haviwezi kukaa ukuta mmoja, na kibali cha ujenzi cha manispaa kitataka ramani ya kweli. Kodi nayo ya hiyo moja itakosekana na lazima mkubaliane nani anaibeba hiyo hasara. Ila angalau ni ugomvi juu ya ukuta mmoja.

Kuna wenzako pia. Dar pale Mikocheni kuna Nafasi Art Space, wapo toka 2008, wasanii wanafanyia kazi mle na maonyesho yanafanyika. Piga picha nzuri za kazi kumi, mwambie yule kijana wa boda akusaidie, uwatumie uone wanasemaje. Wanaweza wasijibu, na kusafirisha twiga wa mita mbili na nusu kwa barabara ni gharama ambayo huenda ikala faida yote. Na yule wa loji kabla hujamrudia au kumsahau, muulize swali moja, kama dhahabu ndo alichotaka au alitaka tu zisiote kutu mbele ya wageni wake. Mteja mara nyingi anaomba rangi kwa sababu hajui kuomba kingine. Mkielewana andikishaneni, ikiwemo nani anatengeneza kikivunjika na kwamba jina lako libaki pale, na haki za kazi ya sanaa unaweza kuulizia COSOTA, ofisi ya hakimiliki.

Lakini kabla ya hayo yote kuna swali moja ambalo sina jibu lake na naomba ukae nalo. Unachopenda ni kutengeneza, au ni kuwa nazo?

Nakuuliza kwa sababu ya mtu mmoja wa Los Angeles kule Marekani, mhamiaji wa Italia, kibarua wa ujenzi, anaitwa Simon Rodia. Kuanzia 1921 mpaka 1954 alijenga minara uani kwake peke yake, mrefu wao una kama mita 30, vyuma anavifunga kwa waya na kuvipaka saruji bila kuchomelea hata kiungo kimoja (najua hapo umeguna), anabandika vipande vya chupa na vigae na makombe. Miaka 33 kaka, wewe umeshampita. Alipomaliza akampa jirani kiwanja chote, akahama mji, hakurudi. Baadaye mji ukataka kubomoa, 1959 wakafunga nyaya wakavuta mnara kwa mashine waone kama utaanguka, ukagoma, ipo mpaka leo. Wapo wanaosoma hiyo wakasema alichoka. Mimi huwa nafikiri mikono yake ilikuwa imeshapata ilichotaka. Wewe yule kunguru wa spana aliondoka na msimamizi miaka arobaini iliyopita, na umemwandika bila uchungu, umemwandika kama mtoto aliyeenda kuanza maisha. Twiga naye umemwandika kama maiti. Kuna tofauti gani kati ya hao wawili? Nadhani unaijua, yule mmoja aliondoka kwa sababu mtu alimwona anataka kuruka.

Ndo maana ningependa uwe na daftari lako na wewe, kama yule kijana wa mizani, ila lako usiandike kilo. Andika kila moja imetokana na nini na ya nani. Msumbiji baada ya vita, kuanzia 1995, baraza la makanisa liliwaambia watu waleteni bunduki mpewe majembe na baiskeli na cherehani, na wasanii wakazikata zile bunduki wakatengeneza sanamu. Mmoja wao, Cristóvão Canhavato, mwaka 2001 alitengeneza kiti kizima cha bunduki, sasa hivi kipo British Museum kule London. Kwa kilo kile kiti hakifiki mbali. Kipo pale kwa sababu inajulikana kila kipande kilikuwa nini kabla. (Wao walitoa bunduki wakapata cherehani, wewe kaka uliichukua cherehani, samahani nimeshindwa kujizuia.) Daftari hilo akilishika kijana wako huenda ataona kitu ambacho kwenye chuma chenyewe hajawahi kukiona, na huenda asione, ila angalau siku mizani ikirudi watajua wanapima nini. Mwite na yule wa boda. Anayekuja kukuangalia bila kutumwa unamuacha anaangalia tu?

Kwa mama watoto sitakupa maneno ya kusema. Ningesema tu usianze na fremu. Na usianze ukiwa umebeba jibu.

Kutu sasa. Nimemuuliza mtu wa kazi hiyo, anasema usipake juu ya kutu hata siku moja. Sugua na brashi ya waya mpaka chuma kitoe mng'aro, futa vumbi na mafuta kwa tina, ikauke kabisa. Kama unataka chuma kionekane chuma, paka vanishi isiyo na rangi, au ukipashe moto kidogo upake nta ya nyuki kwa kitambaa, hiyo utairudia kila mwaka kabla ya masika. Zinazokaa nje ziinue kwenye tofali miguu isiguse udongo, na pale maji yanapotuama tumboni toboa tundu dogo kwa chini yatoke. Anza na punda. Lile gurudumu usilitie oili chafu ya gari, nunua kile kichupa cha mafuta ya cherehani, na mwombe mama akuonyeshe matundu ya kutilia, yeye anayajua yote yalipo.